Makapi ya Mgodi Yanavyorudishwa Chini ya Ardhi

Kila mtu aliyewahi kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake ameona jambo moja la ajabu, ingawa huenda hakulitia moyoni. Udongo uliotoka shimoni ni mwingi kuliko shimo lenyewe. Ukijaribu kuurudisha wote, hata ukiushindilia kwa miguu, utabaki na kichuguu juu. Hapana uchawi katika jambo hili. Udongo ulipokuwa mahali pake ulikuwa umeshikamana kwa miaka mingi; ulipovunjwa kwa jembe, hewa iliingia kati ya chembe na chembe, nao ukafura. Mwamba hufura kupita udongo. Pande la mwamba lenye mita 1 ya ujazo likipasuliwa kwa baruti, vipande vyake hutaka nafasi ya mita 1 na nusu hivi.

Tumeanza na shimo la choo kwa kuwa mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mashimo makubwa zaidi, yaani migodi inayochimbwa chini kabisa ya ardhi, na juu ya kifusi kinachotoka humo. Mashimo hayo yana shida ile ile ya shimo la choo, ila shida yake imekwisha kuua watu wengi.

Tuseme mwamba fulani una gramu 8 za dhahabu katika kila tani moja. Huo ni mwamba mzuri, na mwenye mgodi atafurahi kuupata. Basi tani ile hupandishwa juu, husagwa kinuni hata ikawa laini kama unga wa mhogo, huchanganywa na maji na dawa, na dhahabu hutolewa. Ikiisha kutolewa yote, hubaki gramu 999,992 za unga wa mwamba, umelowa maji, hauna mnunuzi. Kwa ajili ya pete moja ya bibi arusi, tani nzima ya tope inatafuta mahali pa kukaa.

Watu wa Geita na Kahama wanayo majina yao ya vitu hivi, nasi tutayatumia. Mawe yasiyo na mali, yaliyotolewa ili kufungua njia tu, huitwa magwangala. Unga uliokwisha pita kinuni huitwa marudio, kwa sababu mara nyingi hurudiwa kuoshwa, na mwenye bahati hupata dhahabu iliyowaponyoka wa kwanza. Katika mazungumzo haya unga huo tutauita makapi, kwa mfano wa makapi ya mpunga, maana ndiyo yanayobaki baada ya kitu chenye thamani kuondolewa.

Mgodi basi huacha mambo mawili nyuma yake: utupu chini na tope juu. Yote mawili ni hatari, nasi tutatoa mfano wa kila moja.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2015, katika machimbo ya wachimbaji wadogo huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, ardhi ilibomoka ikawafukia watu waliokuwa chini. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilistaajabu kwamba mwanadamu aweza kukaa gizani muda ule akaishi. Lakini tukiacha ustaajabu, neno lililobaki ni hili: mwamba ulioachiwa nafasi tupu hutafuta kuijaza wenyewe. Wachimbaji wadogo hutegemeza duara zao kwa miti waiitayo matimba, na miti huoza. Migodi mikubwa zamani ilitegemeza mwamba kwa nguzo za mwamba wenyewe, nazo nguzo hupasuka.

Mfano wa pili ni wa Mufulira, mji wa Ukanda wa Shaba nchini Zambia. Zamani vijana wengi wa Rungwe walivuka mpaka kwenda kutafuta kazi katika migodi ya huko, kwa hiyo jina la Ukanda wa Shaba si geni kwetu. Mgodi wa Mufulira ulichimbwa kwa njia ya kuuacha mwamba wa juu ubomoke wenyewe na kushuka kadiri shaba ilivyoondolewa chini yake. Ni njia rahisi, haina gharama ya kutegemeza. Lakini ardhi ya juu hubonyea, na hapo juu palikuwa na bwawa la makapi, tope laini lililomwagwa kwa miaka mingi. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Septemba 1970, zamu ya usiku ikiwa kazini, tope lile lilipata njia. Liliteremka kwa ghafula likajaza njia za mgodi, na watu 89 walikufa.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Tope lililowaua watu wale halikuletwa na mto wala mvua pekee. Lilikuwa ni mwamba wenyewe waliokuwa wameutoa wao na wenzao waliowatangulia, umesagwa, umelowa, umewekwa juu ya vichwa vyao. Lilirudi mahali lilipotoka, na hapana aliyeliongoza wala kulifunga.

Swali lililowashughulisha mafundi wa migodi ni hili: je, tope hilo haliwezi kurudishwa chini kwa makusudi, likatulia huko, likawa ukuta badala ya mafuriko?

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1864, huko Shenandoah katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, watu walichimba makaa ya mawe chini ya kanisa, wakaogopa lisije likazama. Wakateremsha takataka za mgodi pamoja na maji katika nafasi tupu zilizokuwa chini ya msingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, nayo ilijaza mchanga wa makapi katika mashimo yake. Tatizo la kujaza kwa mchanga na maji ni kwamba mchanga hausimami peke yake. Ukiuondolea ukuta wa pembeni, humwagika. Katika miaka ya 1950 migodi ya Kanada ikaanza kutia saruji kidogo katika mchanga ule ili usimame. Na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, katika mgodi wa Grund kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani, mafundi wakapata njia ya kuyatumia makapi yote, pamoja na ule unga laini sana uliokuwa ukitupwa, kwa kuyafanya rojo zito badala ya maji ya tope.

Njia hiyo ya rojo ndiyo inayotumika hata hapa kwetu. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ulianza kazi mwaka 2001, na tangu mwanzo ulijengewa mitambo ya kufanya makapi kuwa rojo. Mwamba wake wenye dhahabu ni mwembamba na umesimama, kama ubao uliochomekwa ardhini kwa kuinama kidogo. Basi wachimbaji huufuata ukishuka, na nyuma yao hubaki mwanya mrefu kwenda chini. Mwanya huo usipojazwa, kuta zake mbili hutaka kukutana.

Na tueleze jinsi rojo linavyofanywa.

Makapi yakitoka kinuni ni maji machafu kuliko kuwa tope. Humiminwa katika birika kubwa la mviringo, nayo hutulia polepole. Maji yaliyotakata hufurika ukingoni, hukusanywa na kurudishwa kinuni yafanye kazi tena. Yaliyotuama chini huvutwa, hupitishwa katika vichujio vya kitambaa vinavyonyonya maji yaliyosalia. Kinachotoka hapo chafanana na udongo wa mfinyanzi ulio tayari kufinyangwa. Sasa huingizwa katika mashine ya kuchanganyia, hutiwa saruji na maji kwa kipimo, nayo hupigwa mpaka iwe rojo.

Uzito wa rojo ni jambo la elimu, si la kukisia. Kila mama ajua tofauti ya uji na ugali. Uji ukiumwaga juu ya sinia, hukimbia hadi ukingoni. Ugali hukaa ulipowekwa. Rojo la mgodi lataka kuwa kati ya hivyo viwili: lipite katika bomba, lakini likifika liwe zito. Mafundi hulipima kwa kopo lenye umbo la pia iliyokatwa ncha, kimo chake sentimeta 30. Hulijaza rojo, huinua kopo polepole, kisha hutazama rojo limebonyea kiasi gani. Likibonyea sentimeta 15 hadi 25, hivi ndivyo litakiwavyo. Likibonyea pungufu, litakwama bombani. Likizidi, lina maji mengi.

Tena kuna siri katika ulaini wa unga. Chembe nene za mchanga huyaachia maji yapite. Chembe laini huyashika, kama unga wa sembe unavyoyashika maji ya ugali kuliko chenga. Katika rojo zuri, angalau sehemu 15 katika 100 za uzito wa makapi zapaswa kuwa chembe ndogo mno, zisizofika sehemu 20 za elfu za milimeta moja. Hizo ndizo zinazolifanya rojo liteleze bombani bila kujitenga, mchanga ukazama na maji yakaelea. Maji ya tope yakisimama bombani kwa muda kidogo tu, mchanga huanguka ukaziba. Rojo laweza kwenda taratibu, hata kutulia kidogo, kisha likaendelea. Mafundi wa zamani waliutupa unga laini kwa kuwa ulizuia maji kutoka katika mchanga wao. Kumbe ndio uliohitajiwa.

Baada ya hapo rojo hushuka kwa uzito wake mwenyewe kupitia tundu lililotobolewa katika mwamba kutoka juu, na mahali pengine husukumwa kwa pampu. Huenda likasafiri mamia ya mita kabla ya kufika katika chumba lilichoandaliwa. Wanaolinda mabomba wana kazi ya macho na masikio: bomba likiziba, rojo huanza kuganda humo, na bomba lililoganda saruji halina dawa ila kukatwa. Kwa hiyo kila mara kazi ikiisha huoshwa kwa maji.

Tumetaja chumba. Yafaa tueleze, kwa maana hapa ndipo faida ya mgodi ilipo. Zamani mchimbaji aliyetaka usalama aliacha nguzo. Alitoa mwamba wa chumba kimoja, akaacha pande nene lisiguswe, akatoa chumba cha pili. Nguzo zile zilikuwa na dhahabu kama vyumba vilivyokuwa nayo, lakini hazikuweza kutolewa, kwa maana aliyezitoa aliangukiwa. Mali hiyo ilikaa chini milele. Siku hizi mgodi unaojaza rojo hufanya kama mkulima anayevuna mstari mmoja na kuruka mmoja. Hutoa chumba cha kwanza, cha tatu na cha tano. Huvijaza rojo lenye saruji, hungoja likauke. Kisha hurudi akatoa cha pili na cha nne, na sasa kuta zake za kushoto na kulia si mwamba tena bali ni makapi yaliyoganda. Kile kilichokuwa nguzo kimekuwa mavuno, na kile kilichokuwa takataka kimekuwa nguzo.

Huenda msomaji akauliza: saruji kiasi gani yaweza kuuzuia mlima? Hapa wengi hukosea, na hata sisi tulikosea tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza. Tulidhani rojo hubeba mlima kama nguzo ibebavyo dari. Sivyo. Zege zuri la nguzo za nyumba hubeba kilo 200 na zaidi juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Rojo la mgodini mara nyingi hutosha likibeba kilo 5 hadi 15 tu. Kazi yake ni mbili. Kwanza lisimame lenyewe, lisimwagike, upande wake mmoja utakapoachwa wazi, hata ikiwa kimo chake ni mita 20 au 30. Pili liizuie miamba ya pembeni isianze kusogea. Mwenye kusafirisha vyungu katika tenga hupachika majani makavu kati ya chungu na chungu. Majani hayana nguvu ya kubeba chungu kimoja, lakini maadamu yamejaza nafasi yote, vyungu havigongani wala havivunjiki. Ndivyo rojo lifanyavyo kazi kati ya miamba. Kwa sababu hiyo chumba chapaswa kujazwa mpaka juu. Pengo likiachwa chini ya dari, mwamba huanza kuanguka hapo.

Saruji basi ni kidogo, aghalabu kilo 3 hadi 7 katika kila kilo 100 za makapi makavu. Lakini kidogo mara nyingi ni kingi. Hebu wanafunzi wachukue kalamu. Chumba kina urefu wa mita 20, upana wa mita 5 na kimo cha mita 20. Ujazo wake ni mita 2,000. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa tani 2.7, kwa hiyo chumba kimetoa tani 5,400. Sasa kinajazwa rojo. Mita moja ya ujazo ya rojo ina makapi makavu tani 1.4 hivi, maana sehemu kubwa ya nafasi imechukuliwa na maji yaliyo kati ya chembe. Chumba kitapokea tani 2,800. Tukitia saruji kilo 5 kwa kila kilo 100, tutahitaji tani 140, yaani mifuko 2,800 ya kilo 50. Hiyo ni kwa chumba kimoja. Si ajabu kwamba saruji ndiyo gharama iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hii, na kwamba wenye migodi hutafuta kila njia ya kuipunguza. Njia moja ni kuichanganya na mavi ya chuma, kama wahunzi waitavyo takataka za tanuru, yakiwa yamesagwa laini. Au majivu ya makaa ya mawe. Takataka za kazi nyingine husaidia kufunga takataka za mgodi.

Hesabu hiyo yaonyesha na jambo la pili. Tani 5,400 zilitoka na 2,800 zikarudi. Tani 2,600 zimebaki juu. Hapana ufundi utakaozirudisha zote, kwa sababu ile ile iliyotuachia kichuguu kando ya shimo la choo. Asemaye kwamba mgodi waweza kurudisha takataka zake zote katika shimo lake, ama hajapiga hesabu au anauza kitu. Lakini bwawa la nusu ni bora kuliko bwawa zima. Na makapi yanayobaki juu nayo yaweza kupunguzwa maji. Huko Bulyanhulu hayakuachwa yawe ziwa la tope, bali yalimwagwa yakiwa mazito, tabaka juu ya tabaka, ili jua liyakaushe. Kazi ya chini ya ardhi ilipokuwa imesimama katika mgodi huo, tangu mwisho wa mwaka 2017 hata mwaka 2020, kinu kiliendelea kwa kuosha tena makapi ya zamani. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiyaita marudio hawakukosea jina.

Tusidhani kwamba rojo likiisha kuitwa rojo halina hatari. Kabla halijaganda bado ni tope, na chumba kilichojaa tope chini ya ardhi ni bwawa lililosimama wima. Kila chumba kina mlango mahali wachimbaji walipoingilia, na mlango huo huzibwa kwa kiambaza cha zege, au cha nyavu za chuma na zege la kupuliziwa, kabla rojo halijaanza kumiminwa. Kiambaza kikishindwa, tope hutoka. Tarehe 26 Juni 2000, katika mgodi wa dhahabu wa Bronzewing, Australia Magharibi, kiambaza cha namna hiyo kilivunjika. Humo mlikuwa mmejazwa mchanga wa makapi pamoja na maji. Mafuriko yake yaliwaua wachimbaji 3. Ni Mufulira ndogo, tena iliyotoka katika kazi yenyewe ya kujaza.

Kwa hiyo wenye busara hawajazi chumba kwa mara moja. Humimina kwanza mpaka kimo kipite kidogo juu ya mlango, kisha huacha siku kadhaa rojo hilo la chini ligande liwe kizibo. Ndipo hujaza sehemu iliyobaki. Uzito wa rojo jipya sasa haukiegemei kiambaza, bali kizibo. Wakati wote huo hapana ruhusa ya mtu kupita mbele ya kiambaza, na mafundi huweka vipimo vya kuonyesha msukumo ulio nyuma yake. Mwenye mgodi huona siku hizo za kungoja kuwa hasara, kwa sababu vyumba vingine haviwezi kuguswa. Ugomvi kati ya anayehesabu siku na anayehesabu msukumo ni wa kila mwezi katika migodi ya namna hii, nasi hatuna haja ya kusema ni nani tungependa ashinde.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Miamba mingi yenye dhahabu au shaba ina madini ya chuma yaliyochanganyika na salfa, yale yang'aayo kama dhahabu na kuwadanganya wageni. Madini hayo yakiachwa juu, yakapata hewa na mvua, hutoa tindikali, nayo maji ya vijito vya karibu huharibika. Kuyarudisha chini, ndani ya rojo lisilopitisha hewa kwa urahisi, ni jambo jema. Lakini salfa ile ile huweza kuila saruji. Ikiungana na hewa na maji hufanya chumvi inayoingia katika saruji na kuifurisha, hata ikapasuka kwa ndani. Rojo laweza kupita mtihani wake wa kwanza vizuri, kisha likadhoofika miezi ikipita. Ndiyo sababu saruji inayofaa mgodi mmoja haifai mgodi mwingine, na kila mgodi hujaribu makapi yake wenyewe. Saruji iliyochanganywa na mavi ya chuma mara nyingi huvumilia salfa kuliko saruji tupu.

Mtihani wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila siku ya kumimina, rojo kidogo hutiwa katika makopo marefu ya mviringo, hufunikwa yasikauke, huwekwa mahali penye joto na unyevu kama wa mgodini. Mengine hupondwa kwa mashine baada ya siku 7, mengine baada ya siku 28, na mengine huachwa miezi mingi. Saruji haigandi kwa kukauka, kama watu wengi wanavyodhani; huganda kwa kuungana na maji, na yataka muda.

Walimu walio na saruji kidogo waweza kuonyesha jambo hili shuleni bila mashine. Chukueni makopo matatu ya bati yaliyotobolewa juu na chini, yapasueni kwa urefu upande mmoja, kisha yafungeni kwa kamba. Yasimamisheni juu ya ubao. La kwanza lijazeni mchanga laini uliolowa, bila kitu kingine. Kwa ajili ya mengine mawili, changanyeni vikombe 20 vya mchanga huo na kikombe 1 cha saruji, mkatia maji mpaka iwe rojo lisilokimbia. Na watoto wasishike kwa mikono mitupu, maana saruji hula ngozi. Kopo la pili lifunikeni kwa majani ya mgomba, mkiyalowesha kila asubuhi kwa siku 7. Kisha fungueni kamba za kopo la kwanza na la pili, ondoeni mabati, mkamwage maji polepole chini ya kila moja. Mchanga mtupu utaanguka mara moja. Ule wenye saruji utasimama, na mwaweza kuukata upande mmoja kwa kisu kama ukuta wa chumba cha pili unavyoachwa wazi mgodini.

Kopo la tatu, lenye saruji kiasi kile kile, msilingojee siku 7. Lifungueni siku ya kwanza, saa moja tu baada ya kulijaza, mtazame litakavyomwagika juu ya ubao.